Fundi wa Buli: Mkono Uliojulikana Kabla ya Jina

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa njia moja tu. Kwanza mwandishi: kazaliwa wapi, kasoma wapi, ana vitabu vingapi. Halafu fani. Halafu maudhui. Halafu lile swali la mtihani ambalo kila aliyefika kidato cha nne analijua hata usingizini: je, mwandishi amefanikiwa kwa kiasi gani? Mimi nimelijibu mara nyingi mno, mpaka siku hizi nikila wali kwa mama ntilie hapa Katindiuka najikuta nauliza kama mpishi amefanikiwa kwa kiasi gani, na kwa nini nazi imekuwa nyepesi kuliko ya jana.

Sasa ndugu msomaji, niambie: ile hatua ya kwanza ikikosekana, utafanyaje? Kazi iko mbele yako, nzuri, imekamilika, inakutazama, na hakuna mwandishi. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna "alizaliwa katika familia ya wakulima". Wenzangu wengi hapa kijiweni wanasema kazi kama hiyo haihakikiki, unaisifu tu unapita. Nimeandika makala haya kuwapinga, na nitawapinga kwa kutumia kigoda.

Kigoda chenyewe kimechongwa kwa mti, katika karne ya 19, huko mashariki ya Congo, kwenye nchi za Waluba na Wahemba, upande wa mto Lualaba. Si kigoda cha kukalia jikoni ukipepeta mchele. Ni cha mtawala. Chini ya kibao cha kukalia yuko mwanamke aliyechongwa, anabeba kibao kichwani na kukishika kwa mikono miwili. Vigoda vya namna hiyo viko vingi kwa Waluba, mafundi wengi wamevichonga. Lakini viko vichache ambavyo ukishaviona, hata pichani (nami nimeviona pichani tu, picha niliyochapishiwa kwa wino hafifu stationery ya jirani), huwezi kuvichanganya na vingine. Uso ni mrefu. Paji la uso limepanda, mashavu yameingia ndani, mifupa ya mashavu imetoka nje, kope ni nzito, nusu zimefumba, mdomo umejitokeza kidogo kama wa mtu aliyetaka kusema akaghairi. Na mikono! Mikono ni mikubwa kupita kiasi kwa mwili ule uliofupishwa, vidole virefu vimetandazwa, na uzito wote wa kibao unaonekana kuegemea kichwa na vidole.

Aliyevikusanya vigoda hivyo na kusema "huyu ni mtu mmoja" ni Mbelgiji, Frans Olbrechts. Mwaka 1937 aliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Congo mjini Antwerp, vitu vikapangwa pamoja, akaanza kuona kwamba baadhi vinafanana si kwa kabila tu bali kwa mkono. Mwaka 1946 akatoa kitabu chake juu ya uchongaji wa Congo, na humo akalieleza kundi hilo dogo: mtindo wa nyuso ndefu wa Buli. Kwa nini Buli? Kwa sababu vitu viwili katika kundi vilikuwa vimechukuliwa kwenye kijiji kinachoitwa Buli. Basi. Fundi akapewa jina la mahali mzigo ulipopakiwa. Ni sawa na mtu akuite wewe Stesheni ya TAZARA kwa kuwa sanduku lako lilionekana pale.

Ukumbuke nyakati zile. Watu wa Ulaya waliokuwa wakiandika juu ya vinyago vya Kiafrika walikuwa wakisema kabila limechonga. "Kinyago cha Waluba." "Kazi ya Wahemba." Kama vile kabila zima lilikaa kitako, likashika tezo moja kwa pamoja. Olbrechts alisema hapana, hapa kuna mtu. Kwa hilo mimi namheshimu, ingawa alikuwa mtumishi wa dola iliyoitawala Congo na vitu hivyo vilifika Ubelgiji kwa njia ambazo si zote za kujisifia.

Njia yenyewe hakuibuni yeye. Hapa inabidi nikupeleke mbali kidogo, Athene ya kale, halafu tutarudi Lualaba.

Katika karne ya 6 kabla ya Kristo, mafundi wa Athene walikuwa wakichora mitungi yao kwa namna moja: watu weusi juu ya udongo mwekundu, na sura, ndevu, mikunjo ya nguo vikichorwa kwa kukwaruza na ncha kali. Yapata mwaka 525 K.K. hivi, mtu mmoja, au kikundi cha watu, akageuza mambo. Akapaka weusi nyuma, akawaacha watu katika rangi ya udongo wenyewe, na ndani yake akachora kwa brashi badala ya kukwaruza. Geuzo dogo, lakini hebu fikiria: ncha ya chuma huenda moja kwa moja, brashi inapinda. Mgongo unaanza kugeuka, goti linakunjwa, msuli unaonekana. Wataalamu wengi humtaja mchoraji mmoja kuwa wa kwanza au miongoni mwa wa kwanza, nao wanamwita Mchoraji wa Andokides. Usidhani hilo ni jina lake. Andokides ni mfinyanzi, aliyetia sahihi kama mwenye kuufinyanga mtungi. Mchoraji hakusaini. Kwa hiyo anaitwa kwa jina la mwenzake wa kazi, kama mtoto anayeitwa kwa jina la kaka yake.

Uzuri wa rangi mbili hizo ni kwamba hazikutokana na rangi mbili. Ni udongo uleule na moto. Ule "weusi" ulikuwa uji laini wa udongo. Tanuri lilipewa hewa kwanza, mtungi wote ukawa mwekundu. Kisha wakafunga matundu na kutia kuni mbichi, moshi ukaufanya wote mweusi. Kisha wakafungua tena: udongo wa kawaida ukarudi kuwa mwekundu, ila pale palipopakwa ule uji palikuwa pameshaganda kama kioo, hewa haikuingia tena, pakabaki peusi. Mama zetu wanaochoma vyungu kwa majani na kuni uwanjani wanaijua nusu ya siri hii vizuri sana. Muulize yeyote kwa nini chungu kina doa jeusi ubavuni, atakwambia palikosa hewa.

Mwingereza John Beazley, wa Oxford, aliyezaliwa 1885 na kufariki 1970, ndiye aliyeyatumia maisha yake yote kuwatenganisha wachoraji hao wasio na majina. Mwaka 1911 aliandika juu ya mtungi mmoja ulioko Berlin, akatafuta mitungi mingine yenye mkono uleule, na mchoraji huyo mpaka leo anaitwa Mchoraji wa Berlin, yeye ambaye Berlin hakuisikia maana haikuwepo. Njia aliichukua kwa Mtaliano Giovanni Morelli: usitazame pale msanii anapojitazama, yaani uso wa mtakatifu, tendo kuu, machozi. Tazama masikio. Tazama kucha, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo usio na maana. Hapo mkono unakwenda wenyewe, akili imeshahama, na hapo ndipo mtu anapojiandika bila kujua.

Kwangu mimi hili ni somo la uhakiki kuliko yote niliyopewa darasani. Sisi tumezoea kumtafuta mwandishi kwenye dhamira. Kaandika juu ya rushwa, basi ni mpinga rushwa. Lakini dhamira tunaazimana wote. Gazeti zima la mwaka linaweza kuwa na dhamira moja. Mtazame mwandishi kwenye viunganishi. Kuna anayesema "kisha" na hajawahi kusema "halafu". Kuna ambaye watu wake hawafungi mlango, wanausindika. Kuna ambaye kila jambo zito likikaribia anaweka sentensi ya maneno matatu. Hayo ndiyo masikio na kucha.

Turudi Lualaba. Ukiiweka njia hiyo kwenye vigoda vya Buli unaona kwamba Olbrechts hakubahatisha. Si uso mrefu tu. Ni namna kope zinavyokatwa, namna vidole vinavyotengana, chale za tumboni, nywele zilivyosukwa kisogoni kwa umbo la msalaba. Leo kazi zinazohesabiwa kuwa za mkono huo, au wa karibu nao, zinafika kama ishirini. Moja iko British Museum, London. Moja Metropolitan, New York, waliyoinunua mwaka 1979. Iko Berlin. Na Tervuren, Ubelgiji, yuko mwanamke aliyepiga magoti na kushika bakuli, ambaye kwa maoni yangu anavipita vigoda vyote, kwa sababu pale fundi hakuwa na kibao cha kumlazimisha kufupisha mwili, akamwachia yule mama nafasi ya kutoa bakuli mbele kama anayeomba na anayetoa kwa wakati mmoja.

Sasa mimi kama mhakiki niseme ninachokiona. Vinyago vingi vya Waluba ni vizuri kwa ulaini wake: mwanamke kijana, uso wa mviringo, ngozi imesuguliwa ikang'aa, macho yametulia. Ni uzuri wa mtu asiye na deni. Fundi wa Buli alirithi umbo lilelile, kigoda kilekile, mwanamke yuleyule na chale zilezile, akamzeesha. Akamwekea mifupa. Hakubadili mila hata chembe, mtawala aliyekikalia hakuwa na la kulalamika, lakini akaingiza ndani yake mtu. Wanaosema kwamba msanii wa jadi alikuwa "amefungwa na jadi" waje waeleze mashavu yale.

Wako waliotazama nyuso zile wakaona huzuni ya karne. Unajua historia: nchi za Lualaba katika karne ya 19 zilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa, na Kiswahili hiki tunachoandikia kilifika huko pamoja na misafara hiyo. Ni rahisi kusema uso ule ni wa mama aliyenyang'anywa watoto. Mimi nasita. Nasita kwa sababu mafundi wengine waliochonga katika miaka ileile na nchi zilezile walichonga nyuso zilizotulia kabisa. Kama historia ingechonga yenyewe, ingechonga wote. Huu ni uamuzi wa mtu mmoja, au wa karakana moja, na tukimkabidhi msafara sifa ya kazi yake tutakuwa tumempora mara ya pili.

Tena kigoda hakikuwa bango la malalamiko. Kwa Waluba mwanamke yule ana kazi: inaaminika mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kuhifadhi roho nzito kama ya mfalme. Kigoda kilikuwa makao ya roho hiyo kuliko kuwa samani. Kilifungwa kwenye kitambaa cheupe, kikahifadhiwa mbali, kikatolewa kwa nadra. Hili linanisumbua vizuri. Sisi vijana tunaoandika tunaumwa na kutosomwa. Shairi likikaa wiki mbili bila mtu kulisifia tunaona dunia imetuonea. Yule bwana alitumia ujuzi wake wote kwenye kitu ambacho watu wengi wa kijijini wasingekiona kikiwa wazi hata mara kumi katika maisha yao, na hata hivyo hakulegeza kidole kimoja.

Haya, jina sasa. Katika miaka ya 1970, nchi ikiitwa Zaire, utafiti uliofanyika kulekule ulitoka na jina: Ngongo ya Chintu, fundi wa kijiji cha Kateba. Jina hilo limefasiriwa kama la sifa, chui mkubwa, baba wa vitu vilivyochongwa. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kusikia "kitu" ndani ya "Chintu".

Simama hapo kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini vitabu vya Ulaya vilikuwa vimeandika kwamba fundi huyu hajulikani. Hajulikani kwa nani? Jina lilikuwepo kwenye vinywa vya watu. Halikuwa limepotea, lilikuwa halijaulizwa. Yule aliyekichukua kigoda mwanzoni aliandika uzito, aliandika urefu, labda aliandika na bei. Swali la maneno matatu, "nani alikichonga hiki?", hakulipa nafasi kwenye karatasi.

Linganisha na mtu mwingine wa nchi hizohizo na karne hiyohiyo: Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Yeye aliyaandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Tunajua safari zake, madeni yake, pembe zake, ugomvi wake. Mfanyabiashara ana kitabu, mchongaji ana mashavu. Na ukiniuliza yupi ameacha habari zaidi juu ya kuwa binadamu katika karne ile, sitakujibu haraka.

Lakini msidhani jina lilimaliza kesi. Mwaka 1980 Mmarekani Susan Vogel aliandika kwamba katika kundi hilo haoni mkono mmoja bali zaidi ya mmoja: bwana mwenyewe, na wengine waliomfuata. Nikizitazama picha zangu hafifu namkubalia. Viko vigoda ambamo uso mrefu ni uso, na viko ambamo uso mrefu umekuwa kawaida tu, mtu ameiga mashavu bila kujua kilichoyaingiza ndani. Tofauti hiyo tunaijua vizuri hapa nyumbani. Angalia ni vijana wangapi walimsoma Kezilahabi wakatoka na kukata tamaa kwake bila kutoka na jicho lake.

Huko Athene nako kuna ugomvi uleule. Mchoraji wa Andokides anahusishwa na mitungi wanayoiita ya lugha mbili: ubavu mmoja picha nyeusi kwa mtindo wa zamani, ubavu wa pili picha nyekundu kwa mtindo mpya. Mmoja ulioko Munich una Herakles amejinyoosha kwenye kitanda cha karamu, mungu wa kike Athena yuko mbele yake, pande zote mbili, jambo lilelile limesemwa mara mbili. Je, ni mtu mmoja aliyebadili mkono, au wawili waliogawana mtungi? Yule wa upande mweusi wamempa jina lake, Mchoraji wa Lysippides. Beazley mwenyewe aliwahi kubadili mawazo juu ya suala hilo, na wengine wameendelea kuvutana.

Mimi napenda iwe mtu mmoja, na nakiri kwamba hapo napenda tu, sina ushahidi. Napenda kwa sababu naijua hali hiyo. Nusu ya mashairi yangu yako kwenye Kiswahili cha Baraza, vina na mizani, kila kitu kimenyooka. Nusu nyingine ni maneno ya stendi na ya kivukoni, na ndani yake kuna Kindamba cha bibi ambacho hakina tafsiri. Jambo moja, mara mbili. Upande mwekundu bado unapapasa, brashi haijazoea. Lakini ndiko mgongo unakogeuka.

Na sisi watu wa mashairi tusijidanganye kwamba jambo hili la majina ni la mitungi na magogo tu. Muyaka wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalikaa vinywani na kwenye vikaratasi mpaka W. E. Taylor alipoyakusanya baadaye katika karne hiyo akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na diwani ikachapwa mwaka 1940 na Hichens. Miaka mia moja, wasomaji! Katika miaka mia kuna beti ngapi zilizokosa baba zikapewa Muyaka kwa kuwa zilikuwa kali? Na Liyongo ndiyo kabisa. Mashairi mengi yanaitwa yake bila uthibitisho, na hata karne aliyoishi wataalamu wanagombania. Jina kubwa ni kama sumaku, na vitu vidogo vidogo vya watu wasiojulikana hurukia hapo vikapotea. Ndiyo maana wakati mwingine namwona Olbrechts alikuwa mwadilifu kuliko sisi. Yeye angalau hakumbambikia mtu. Alisema: huyu ni mmoja, sijui ni nani, nitamwita Buli.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Wiki kadhaa zilizopita tuliletewa hadithi fupi tatu bila jina, kwenye bahasha ya kaki, zimeandikwa kwa kalamu. Ni nzuri. Moja ni nzuri kuliko kitu chochote tulichowahi kuchapa. Zinahusu mambo ya ndani ya nyumba, ya kuumiza, na nyumba yenyewe imeelezwa kwa namna ambayo mtu wa mtaa huu anaweza kuanza kuhesabu milango. Kijiweni pakawaka. Mmoja akasema hadithi zote ni za mtu mmoja. Mwingine akasema ya tatu ni ya mtu mwingine. Wa tatu, aliyesoma kidogo mambo ya uhakiki kama mimi, akatoa daftari la zamani la mahudhurio ya semina yetu, akaanza kulinganisha mwandiko.

Hapo ndipo nilipoiona njia ya Morelli upande wake wa pili. Mtaliano mwenzake, Carlo Ginzburg, aliwahi kuonyesha mwaka 1979 kwamba njia hii ya masikio na kucha ni ndugu na njia ya mpelelezi. Sherlock Holmes anaitumia. Polisi wanaitumia. Kwa Ngongo ya Chintu, aliyekwisha kufa na ambaye hakujificha, kumtambua mkono ni heshima, ni kumrudishia alichonyimwa. Kwa mtu aliye hai, anayeishi mtaa wa pili, aliyekata kwa makusudi kipande cha karatasi ambacho kingekuwa na jina lake, kazi ileile na ujuzi uleule vinakuwa kumvua nguo. Uwezo wa kujua haujasema kitu chochote juu ya haki ya kutangaza.

Mimi nimezisoma hadithi zile mara nne. Nimetazama viunganishi. Nimetazama mlango unavyosindikwa. Maoni yangu ni kwamba zote tatu ni za mkono mmoja, na ya tatu imeandikwa kwanza, kabla mwandishi hajajiamini. Mambo hayo ni ya kihakiki, nayasema hadharani. Zaidi ya hapo sisemi, na daftari la mahudhurio nimeliomba nikae nalo mimi. Hadithi zitachapwa. Wenzangu walitaka juu yake tuandike "Mwandishi Hajulikani", nikakataa hilo nalo, maana ni uongo: anajulikana na yeye mwenyewe, na pengine na mtu mmoja wawili wanaompenda. Tutaacha nafasi tupu. Akitaka kuijaza siku moja, nafasi ni yake.

Yuko aliyenijibu kwamba mwandishi asiye na jina hatapata sifa, na sifa ndiyo malipo pekee ya jarida linalofungwa kwa pini tatu. Ni kweli, na sina dawa yake. Mwaka 1972 Metropolitan walilipa dola milioni moja kwa mtungi wa Euphronios, mmoja wa wachache wa Athene waliosaini kazi zao, na mwaka 2008 ukarudi Italia kwa kuwa ulichimbwa na kutoroshwa kinyume cha sheria. Sahihi ilipandisha bei, na bei ikawaita wachimba makaburi. Mwenzake Euthymides alijigamba juu ya mtungi wake kwamba Euphronios hajawahi kuweza kama yeye, na majigambo hayo bado tunayasoma baada ya miaka elfu mbili na mia tano. Kwa hiyo jina lina raha zake, nani anabisha? Hata mimi makala haya nimeyasaini.

Bado yako mambo juu ya Fundi wa Buli ambayo vitabu nilivyopata havikuniambia. Nani alimfundisha? Wale waliomfuata walikuwa wanawe, wajomba, au washindani wake? Alilipwa nini kwa kigoda kimoja, mbuzi wangapi, chumvi kiasi gani? Yule mama wa uso mrefu, alikuwepo mtu wa namna hiyo nyumbani kwake? Maswali haya hayahitaji Kifaransa wala Kiingereza. Mashariki ya Congo wanasema Kiswahili, chao kina lafudhi yake lakini tutaelewana tu. Kama kuna msomaji wetu mwenye ndugu Kalemie au Kongolo, au dereva wa maboti ya Kigoma anayevuka ziwa mara kwa mara, atuandikie kupitia jarida. Aulize njia ya Kateba, na akifika aulize wazee juu ya watu wa Ngongo, waliokuwa wakichonga.